El Nino haina safari ya kuja Dar

Kila ikikaribia vuli, sisi wataalamu wa hali ya hewa tunaulizwa swali lile lile: "Mtaalamu, El Nino inaingia lini Dar?" Haiingii! El Nino ni ongezeko la joto la maji ya Pasifiki, katikati na mashariki mwake, usawa wa Ikweta. Hata iwe kali vipi, inabaki huko huko. Sisi tunapata matokeo yake, tena mara nyingi kwa kupitia bahari nyingine.

Kwa kifupi: pepo za mashariki zikilegea juu ya Pasifiki, maji ya moto yaliyorundikana upande wa Indonesia yanasogea kuelekea Peru, na mawingu yanayafuata. Mzunguko wa hewa wa ukanda mzima wa tropiki unavurugika. La Nina ni kinyume chake. Basi.

Kinachonikera ni hiki. Tangu mafuriko ya 1997, watu wamekariri hesabu moja: El Nino ni gharika. Haya. Mwaka 2015 Pasifiki ilipata joto la kukaribiana na lile la 1997. Wapo waliopata vuli nzuri, lakini gharika iliyosubiriwa haikuja, wataalamu tukaitwa waongo. Kisha 2019, Pasifiki imetulia, hakuna El Nino ya kutajwa, mvua ikatupiga vuli nzima. Ziwa Victoria likaendelea kujaa hadi Mei 2020 likavunja rekodi ya 1964.

Jibu liko Bahari ya Hindi, kwenye kile tunachokiita dipoli. Chukua joto la uso wa bahari upande wetu, linganisha na la upande wa Sumatra, kisiwa cha Indonesia. Dipoli ikiwa chanya, huku maji yana joto kuliko kawaida na kule yamepoa. Upepo ambao kwa kawaida huvuma kuelekea mashariki wakati wa vuli unalegea au unageuka, na unyevu unaishia kwetu. Mwaka 1997 na 2019 tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno. Mwaka 2015 ilikuwepo, ila si ya kutisha. El Nino huichochea dipoli mara nyingi, lakini dipoli hujiendea yenyewe pia. Inajitegemea kwa kiasi gani? Tunabishana mpaka leo, na msimamo wangu hutegemea nimesoma makala ya nani juzi.

Halafu usichukue utabiri wa Bukoba ukalimia Songea. Katika El Nino ya 2023/24, Kenya, Somalia na kaskazini mwa Tanzania zilifurika, huku mahindi ya Zambia, Malawi na Zimbabwe yakikauka shambani hadi serikali zao zikatangaza janga. Kusini mwa Tanzania ni mpakani mwa hali hizo mbili, na mkulima wa huko simpi jibu la moja kwa moja.

Na tukisema uwezekano wa mvua kuwa juu ya wastani ni asilimia 45, wa wastani 35, chini ya wastani 20, ile 20 si pambo. Katika misimu kumi yenye dalili kama hizo, miwili mikavu imo.

Masika ndiyo kichwa kinauma. Machi hadi Mei uhusiano na Pasifiki ni hafifu. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipachikwa jina la El Nino wakati yenyewe ilikuwa inafifia. Masika huyumbishwa sana na makundi ya mawingu yanayozunguka tropiki kwa siku 30 hadi 60, na hayo hayaonekani miezi mitatu kabla. Kwa hiyo msimu huo mimi mwenyewe hufuatilia utabiri wa siku kumi kuliko ule wa msimu mzima.