Jicho la miwani halichomwi

Juzi barazani Majengo, shangazi alikuwa akimkanya bintiye anayetaka kuachana na miwani: "Usikubali kuchomwa jicho, mwanangu. Wakichoma hapa, moto hufika na pale." Neno hilo, kuchomwa, nimelisikia mara nyingi mno, na linawatisha watu bure.

Leza ya kuondoa miwani ni mwanga unaobadilisha umbo la konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ili taswira iangukie sawasawa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Basi.

Tatizo ni kitenzi. Choma ina kazi mbili: mwiba huchoma na kaa la moto huchoma. Mtu akichomwa sindano, hakuna anayewaza moto. Ukitaja mwanga, maana ya moto hushinda, na hapo ndipo watu hupotea.

Leza hii, iitwayo eksima, haiunguzi. Mwanga wake ni urujuanimno wa nanomita 193, hauonekani kwa macho. Huvunja vifungo vya molekuli, na kila pigo huondoa takriban robo ya mikroni, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kinachotoka huondoka na sehemu kubwa ya joto, nyama ya jirani isipate la kuiunguza. Mwaka 1981 huko Marekani, Rangaswamy Srinivasan, mwanasayansi wa kampuni ya IBM, na wenzake waliijaribu kwenye mabaki ya nyama ya bata mzinga. Leza ya kijani iliibabua nyama ile. Eksima iliacha mfereji wenye kingo safi, bila ule weusi tunaoujua pembeni mwa mshikaki. Hata harufu kama ya nywele zilizoungua, ambayo wagonjwa wengi huisikia kwenye meza ya upasuaji, ni ya chembe zinazopeperuka konea inapochongwa. Si moshi.

Jirani huumia, lakini kwa njia nyingine. Katika LASIK, aina moja ya upasuaji huu wa kuondoa miwani, tabaka jembamba la konea hukatwa na kufunuliwa kama ukurasa kabla ya eksima kuanza kazi. Hapo mishipa midogo ya fahamu hukatika, na kwa miezi kadhaa jicho huweza kuwa kavu mpaka itakapoota tena. Hilo binti aulize, na aulize pia unene wa konea yake, maana kinachoondolewa hakirudi.

Leza inayochoma kwelikweli ipo. Ni ile ya retina iliyoharibiwa na kisukari. Daktari huunguza vidoa vidogo pembezoni mwa retina kwa makusudi, ili sehemu hiyo isidai oksijeni nyingi na mishipa mibovu ya damu inywee. Uwezo wa kuona pembeni, au usiku, unaweza kupungua kidogo. Hiyo ndiyo bei ya kuokoa uoni wa katikati.

Nawe, shangazi, sukari unayo miaka mingi. Neno lako ni sahihi, ila ni la leza ambayo huenda siku moja ukaambiwa uifanyiwe wewe, na ukiambiwa usiikimbie. Jicho la binti yako sema linachongwa.