Opereta au fundi wa mitambo? Mimi nakwambia anzia kwenye grisi

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu mitambo mizito wanataka kitu kimoja tu, wakae kwenye kebini washike liva. Nawaelewa, raha ipo. Ila mimi ni fundi na navutia kwangu: ukipata nafasi ya uanagenzi anza na ufundi, uopereta utakuja wenyewe.

Opereta asiyejua vya ndani anaua mtambo huku anacheka. Angalia cheni tu, zile mtambo unazotembelea badala ya matairi, kwenye eskaveta au buldoza karibu nusu ya hela ya matengenezo inaweza kuishia huko chini, na uchakavu mwingi unaletwa na uendeshaji, mara rivasi umbali mrefu, mara kona upande uleule kutwa, mara cheni imekazwa kupita kiasi eti isichomoke. Aliyewahi kufungua pini na bushi za cheni, yaani viungio vyake, zikiwa zimelika haendeshi hivyo tena.

Mwanzoni utapewa kuosha, kupiga grisi, kubadilisha filta. Usinune. Anayepiga grisi ndo anagusa kila kiungo, ndo wa kwanza kuona silinda inavuja au ufa unaanza kwenye bumu, ule mkono mkubwa wa mtambo. Kalenda yako ni mita ya masaa, ile inayohesabu mtambo umefanya kazi masaa mangapi: grisi sehemu nyingi kila masaa 10 hivi, kubadilisha oili ya injini kila masaa 250 au 500, kitabu cha mtambo ndo kinaamua.

Somo kubwa sasa ni haidroliki, yaani nguvu ya oili yenye presha inayosukuma silinda. Eskaveta nyingi presha inafika bar 350 hivi, kwa hiyo paipu ikitoboka katundu ka sindano USIPAPASE kwa mkono, tafuta kwa kipande cha boksi. Ile oili inapenya ngozi, nje unaona kama umechomwa na mwiba tu kumbe ndani nyama inakufa, hapo ni hospitali muda huohuo hata kama hakuumi. Na kabla hujalegeza nati yoyote, baketi chini, zima injini, toa presha iliyobaki.

Umeme nao usiukimbie. Laptopu ukiiunganisha na mtambo itakwambia sensa fulani (kile kifaa kinachopima vitu kama joto au presha) ina shida, wengi wanakimbilia kununua sensa mpya kumbe waya umechubuka, sasa kama hujui kupima waya kwa multimita utabadilisha vipuri mpaka bosi akuchoke.

Kwahiyo ukienda kuomba nafasi, uliza mapema nani atakusimamia, na je utaachiwa ufungue vitu mwenyewe au utakuwa wa kupitisha spana tu.