Pima Chumba Kabla Seva Haijafika

Mteja mmoja hapa Dar es Salaam alinipigia simu kwa furaha: "Fundi, mzigo umefika, njoo ufunge." Nikaenda. Seva ina kina cha sentimita 75, kabati la ukutani lina 60. Ikarudi kwenye boksi. Tangu siku hiyo tepu yangu ya kupimia inatangulia bisibisi.

Upana hausumbui, maana raki (fremu au kabati la kufungia seva) karibu zote ni za inchi 19, na kimo huhesabiwa kwa U, kila U milimita 44.45. Kinachowaponza watu ni kina. Mimi huacha sentimita 15 nyuma za plagi na nyaya, na mbele mita nzima ili seva ivutike kwenye reli zake.

Kwenye umeme ndiko kwenye kazi. Seva yenye pawasaplai (kifaa cha ndani kinachoilisha umeme) mbili za wati 750 haili wati 1,500: kwa kawaida zinagawana mzigo, na moja ikifa nyingine inabeba wote. Sasa ukizichomeka zote kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) moja, umefuga mapacha watakaokufa siku moja. Kila moja iwe na UPS yake na breka yake. Na ukiona UPS zote mbili ziko asilimia 60 ya uwezo wake, usijipongeze. Siku moja ikizima, mwenzake ataangukiwa na 120. Tena VA (volti mara ampea) inayoandikwa kwenye UPS si wati. Soma namba zote mbili kabla hujalipa.

Umeme wote huo unaishia kuwa joto. Vifaa vya wati 2,000 hutoa takriban BTU (kipimo cha joto) 6,800 kwa saa. Kwa hesabu ya karatasi kiyoyozi cha 9,000 kinatosha, ila kwa Februari ya Dar na ukuta unaopigwa na jua la jioni nafunga cha 12,000. Umeme ukikatika, UPS inaendelea kuilisha seva huku kiyoyozi kimelala, na chumba kidogo hugeuka tanuri. Umeme ukirudi, kuna viyoyozi vinavyosubiri mtu abonyeze rimoti. Jumamosi saa nane usiku, nani huyo? Chagua kinachojiwasha chenyewe, na usikining'inize juu ya raki, kitaidondoshea maji.

Kebo za mtandao za shaba zisizidi mita 100, zipite mbali na nyaya za umeme, ndani ya mfereji ambao panya hapenyi. Lebo ziwekwe ncha zote mbili, siku ileile. Nimewahi kupoteza mchana mzima nikitafuta kebo moja kati ya 48, na niliyezifunga ni mimi mwenyewe.