Harufu ya dawa kwenye bwawa la kuogelea: maswali ninayoulizwa na wazazi

Shule zikifungwa tu, na siku za Idi na Krismasi, mabwawa ya kuogelea hujaa watoto tangu asubuhi. Maswali nayo huanza. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mara, na mengi yanahusu jambo ambalo watu huona haya kulisema: mkojo.

Harufu kali ya dawa si ndiyo dalili kwamba maji ni safi?

Hapana, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Klorini, yaani dawa ya kuua vijidudu inayotiwa bwawani, ikiwa katika kipimo chake hunuka kidogo sana. Ile harufu inayokupokea getini, ikabaki kwenye nywele za mtoto mpaka usiku, ni ya kloramini. Hizi ni kemikali zinazotokea klorini inapokutana na mkojo, jasho na uchafu wa mwilini. Mkojo una urea, amonia, kreatinini na asidi ya yuriki, na vyote hivyo vina nitrojeni. Klorini ikiungana na nitrojeni hiyo hutokea monokloramini, dikloramini na trikloramini. Hii ya mwisho haitulii majini. Hutoka kama gesi na kutanda juu ya uso wa maji, pale pale mwogeleaji anapovutia pumzi.

Tena klorini iliyokwisha kuungana na mkojo nguvu yake ya kuua vijidudu hupungua mno. Ni sawa na mlinzi uliyemweka mlangoni, kisha ukamwita jikoni akuoshee vyombo. Yupo nyumbani, ila mlango uko wazi. Ndiyo maana wataalamu wa mabwawa hupima klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashughulishwa, na si jumla ya dawa iliyomwagwa. Bwawa linalonuka sana limeelemewa.

Mbona nasikia mkojo hauna vijidudu, na klorini inaumaliza?

Hata Michael Phelps, bingwa wa Olimpiki, aliwahi kusema mwaka 2012 kwamba kukojoa bwawani si kubaya kwa kuwa klorini inaumaliza mkojo. Nampa heshima yake kama mwogeleaji, lakini hapo alikosea. Ni kweli kwamba mkojo wa mtu mwenye afya huwa na vijidudu vichache tu. Shida ni kwamba klorini hiyo hiyo ndiyo tunayoitegemea kwa vijidudu vya kweli, vinavyotoka kwenye kinyesi. Katika maji yenye miligramu 1 ya klorini huru kwa lita, yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7.5 na joto la nyuzi 25, bakteria wa E. koli wanaosababisha kuhara damu hufa chini ya dakika moja, virusi vya homa ya ini aina ya A huchukua kama dakika 16, na jiadia, kimelea cha utumbo kinachosababisha kuhara, kama dakika 45. Klorini ikipungua, dakika hizo zinarefuka, na mtoto aliye karibu anameza maji.

Si watoto wadogo tu wanaokojoa humo?

Watoto wanasingiziwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha utafiti wenye mbinu nzuri sana. Walitafuta majini asesulfemu potasiamu, kikoleza utamu kinachotiwa kwenye soda na vyakula vingi, ambacho hupita mwilini na kutoka na mkojo bila kubadilika. Walipima mabwawa na mabeseni ya maji moto 31 katika miji miwili, na wakakikuta katika yote. Bwawa moja la lita kama 830,000 walilikadiria kuwa na lita 75 za mkojo. Hesabu mwenyewe: karibu madumu manne ya lita 20. Kwa wingi wa maji yale ni sehemu ndogo, lakini ni nitrojeni nyingi mno kwa klorini kuibeba. Sioni sababu ya kuamini kwamba sisi huku tunajizuia zaidi.

Mwanangu hutoka macho mekundu na anakohoa. Ni klorini?

Mara nyingi ni kloramini, au pH ya maji imeharibika. Trikloramini huwasha macho, pua na njia ya hewa, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua papo hapo. Hatari ni kubwa zaidi kwenye mabwawa ya ndani, ambako hewa haibadilishwi vizuri na waalimu na waokoaji hushinda humo kutwa. Mabwawa mengi ya kwetu yako nje, upepo unasaidia. Lakini jua letu nalo huivunja klorini ndani ya saa chache isipokingwa, kwa hiyo alasiri ya sikukuu bwawa linapigwa pande mbili: jua juu, umati ndani. Kama mtoto ana pumu, mpeleke asubuhi.

Ni kweli mkojo na klorini hutoa gesi ya sumu?

Ni kweli kwa kiasi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha China, walionyesha kwamba asidi ya yuriki ikikutana na klorini hutoa trikloramini na kloridi ya sianojeni, ambayo ni sumu kwa mapafu na moyo. Zaidi ya asilimia 90 ya asidi hiyo bwawani hutoka kwenye mkojo, si kwenye jasho. Viwango vyake bwawani ni vidogo, hakuna haja ya taharuki. Ninachokiogopa zaidi kiko nyumbani: jiki kumwagwa kwenye ndoo ya mkojo wa usiku, au kuchanganywa na dawa ya choo yenye asidi, katika choo kisicho na dirisha. Usifanye hivyo kamwe.

Kuna dawa inayobadilisha rangi ya maji mtu akikojoa?

Hakuna. Ni hadithi ya kuwatisha watoto.

Ninaweza kupata UTI, kichocho au mimba bwawani?

Mimba, hapana. UTI kwa kawaida hutokana na bakteria wa utumbo wako mwenyewe, si mkojo wa jirani yako majini. Kichocho kinahitaji konokono wa maji yasiyo ya chumvi ili minyoo yake ikue, na bwawa lililotiwa dawa sawasawa halina konokono. Hali ni nyingine kabisa mtoni na kwenye madimbwi, kama vile Unguja na Pemba ambako kichocho cha kibofu kimesumbua watu miaka mingi. Huko mkojo wa mgonjwa ndio hasa unaobeba mayai hadi kwa konokono. Kwa hiyo anayekojoa mtoni anaendeleza ugonjwa wenyewe.

Basi nifanye nini na watoto wangu?

Waogeshe kabla hawajaingia, dakika moja chini ya bomba inatosha kuondoa uchafu mwingi. Kila saa moja watoe majini waende chooni, hata wakisema hawajabanwa. Mtoto anayecheza hasikii kibofu. Nepi zikaguliwe mara kwa mara na zibadilishiwe mbali na maji. Nepi za kuogelea hazizuii kuhara.

Na mtoto anayeharisha abaki nyumbani, hata kama alilisubiri bwawa mwezi mzima. Kimelea kiitwacho kriptosporidiamu huishi zaidi ya siku 7 kwenye maji yenye klorini ya kawaida. Kama daktari amesema ni hicho, ngoja wiki mbili baada ya kuhara kukoma.

Ukifika bwawani, tazama kwanza kama unaona vizuri tundu la kutolea maji kule chini, kwenye kina kirefu. Kisha mwulize mhudumu vipimo vya leo: klorini huru isipungue miligramu 1 kwa lita, pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. Mhudumu anayejua kazi yake atakufungulia daftari bila kukasirika. Kama hakuna daftari wala aliyepima tangu asubuhi, watoto wacheze nje ya maji siku hiyo.