Ukishaisemesha kompyuta, nayo ikusomee

Wateja wangu hapa Nairobi huniuliza ni programu ipi ya imla, yaani ya kusema nayo ikaandika, isiyokosea. Kwa Kiswahili hakuna. Ninachowashauri ni kuitumia kompyuta pande zote mbili: wewe useme iandike, kisha ikusomee ilichoandika, nawe usitazame skrini.

Makosa ya imla si kama ya kuchapa. Ukichapa "mahlai" jicho linashtuka. Imla hukuwekea neno safi kabisa, ila silo ulilosema. Mwalimu mmoja wa mtaa wa Umoja alitamka "mahali pa mkutano", ikaandikwa "mahari pa mkutano". Barua aliipitia kwa macho asione kitu. Sauti ilipomsomea, alicheka kabla sentensi haijaisha. Kumbe alikuwa karibu kuwaitisha wazazi mahari! "Ili" na "hili", "ama" na "hama" ni mtego uleule.

Kwa kuandika, mimi hutumia Google Docs ndani ya Chrome. Bonyeza Ctrl, Shift na S, kisha chagua Kiswahili cha Kenya. Cha Tanzania pia kipo. Nukta na mkato utaweka mwenyewe. Usiseme neno mojamoja ukingoja, kwa sababu programu hukisia neno kwa kuangalia majirani zake. Sentensi nzima, kwa mwendo wako wa kawaida, huipa pa kushikia. Na ukianza kuchanganya Sheng na Kiingereza katikati, usiilaumu.

Kwa kusomewa, kivinjari cha Edge kina sauti mbili za Kenya, Zuri na Rafiki, na mbili za Tanzania, Rehema na Daudi. Zinapendeza, ila zinataka intaneti. Bando likiisha kuna NVDA, programu ya bure inayowasomea wasioona yaliyo kwenye skrini, inayokuja na eSpeak NG, sauti isiyohitaji intaneti. Sauti yake ni kavu, lakini wanaoitegemea huikimbiza kasi ambayo mimi siifuati, na wanaelewa kila neno. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo maneno hayaisumbui sana. Inayojikwaa nayo ni vifupisho na tarakimu, kama "S.L.P." au saa 3.30.

Jambo moja ambalo mawakili na madaktari husahau: imla ya mtandaoni hupeleka sauti yako kwenye seva ya mtu mwingine, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Kwa siri za watu, tumia Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ambayo unaweza kuiendesha ndani ya kompyuta yako. Toleo dogo linaendeka kwenye mashine ya kawaida lakini Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Toleo kubwa ni bora zaidi, ila linataka kadi ya michoro yenye nguvu.

Hela zako zipeleke kwanza kwenye maikrofoni. Ile ya ndani ya kompyuta husikia feni, jirani na honi za matatu. Hedifoni ya USB yenye mkono unaofika karibu na mdomo, zile zinazouzwa Luthuli Avenue, inatosha. Mvua ikianza kupiga mabati, chapa tu kwa vidole.