Treni za abiria za Lionel: yanayosemwa na yalivyo

Ukipata seti ya zamani ya treni za abiria za Lionel, yaani treni za kuchezea za umeme za kampuni hiyo, zile zilizotengenezwa Marekani kuanzia 1945 hadi 1969, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kung'oa mota na kuweka mpya. Eti mota ya umri huo imekwisha. Mara nyingi haijaisha hata kidogo: grisi imekauka, na vumbi la kaboni limetanda juu ya duara la shaba linaloguswa na brashi, yaani vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye mota. Futa grisi yote ya zamani, safisha shaba kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, weka brashi mpya ikiwa zilizopo zimelika, kisha tia tone moja la mafuta kwenye kila beringi. Tone moja tu, kwa sababu mafuta yakizidi hurukia kwenye shaba na uchafu unaanza upya.

Wengine husema mota hizo hazikubali umeme wa DC, ule unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri. Zinakubali. Hazina sumaku ya kudumu. Zina koili iliyoungwa mfululizo na rota (sehemu inayozunguka), kwa hiyo huzunguka kwa AC, umeme unaobadilisha upande kama wa ukutani, na kwa DC vilevile. Ukibadilisha chanya na hasi, treni hairudi nyuma, kwa kuwa sumaku ya koili na ya rota hubadilika pamoja. Kinacholeta adha ni honi. Rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme) imetengenezwa kuitikia DC, basi ukiendesha kwa DC italia bila kukoma.

Dhana inayoniumiza zaidi ni kwamba taa za LED ni uharibifu wa kitu cha kihistoria. Hebu tupige hesabu. Balbu ya volti 18 hula ampea 0.15. Mabehewa manne yenye balbu mbilimbili hula ampea 1.2 kabla kichwa cha treni hakijavuta chochote. Joto lake nalo hukunja plastiki na karatasi za madirishani. LED hula sehemu ndogo tu ya umeme huo, na treni ndefu hupanda mwinuko kwa urahisi zaidi.

Ila usiiunge LED moja kwa moja kwenye reli. Inahitaji daraja la daiodi (la kugeuza AC kuwa DC), rizista (ya kupunguza mkondo) na kapasita (ya kuhifadhi chaji). Hapo kwenye kapasita ndipo watu huunguza kazi yao: wananunua ya volti 25 kwa kuwa transfoma imeandikwa 18. AC ya volti 18 hufika kileleni karibu volti 25.5, kwa hiyo chukua ya 35. Kapasita ndiyo inayozuia taa kupepesa behewa linapovuka maungio ya reli. Na kazi yote inaweza kufanywa bila kutoboa wala kukata kitu. Balbu za asili zitunze kwenye bahasha.

“Transfoma ina kikata umeme chake, inatosha,” husema wengine. Transfoma kubwa ya Lionel iitwayo ZW, iliyotoka 1948, kweli inacho, lakini hufanya kazi kwa joto na huchelewa. Kimewekwa kuilinda transfoma yenyewe. Behewa likitoka relini na kupiga shoti, saketi zako mpya za LED zitakuwa zimeshaungua. Weka fyuzi ya haraka kwenye waya unaokwenda relini. Waya wa ukutani ukiwa umepasuka ganda, ubadilishe kabla ya kuchomeka.

Stilwaya ya kusugulia sufuria isiguse reli. Tangu 1950 vichwa vingi vya Lionel vina magurudumu yenye sumaku ya kushika reli. Vipande vya chuma hunasa humo na kuleta shoti. Msasa nao huondoa bati la juu na kuacha kutu ianze. Kitambaa na spiriti vinatosha.

Rangi ya asili, hata ikiwa na mikwaruzo, iacheni. Wakusanyaji huithamini kuliko rangi mpya. Mabehewa ya Lionel yaitwayo Madison, Manhattan na Irvington ni ya bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani: mazito, mazuri, na hupasuka skrubu ikikazwa kupita kiasi.