Amechoka na Shule, au Anaumwa? Maswali ya Wazazi wa Tabora

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya hapa Tabora mjini. Kila shule zikifunguliwa, wazazi wa watoto wa awali na darasa la kwanza hunijia na maswali yaleyale: mtoto anarudi hoi, afanyiweje atulie? Nayajibu hapa. Ila kuna jambo moja nitalirudia, na msinichoke, kwa sababu ndilo linalotuletea watoto wakiwa wamechelewa.

Uchovu wa kawaida wa shule ukoje?

Ni mwili na akili kudai pumziko. Mtoto wa miaka sita ameamshwa alfajiri, amekaa darasani mpaka mchana, kisha jua limempiga njia nzima ya kurudi. Akifika nyumbani ananuna, analia kwa sababu kikombe alichopewa si chake, anajitupa mkekani na begi mgongoni. Msimwite mtoto wa hivyo mdeko wala hana adabu. Kutwa nzima amejizuia mbele ya mwalimu na wenzake, na kwa mama yake ndipo anapojiachia.

Uchovu huu una alama yake: akinywa maji, akala, akapumzika, unaisha. Saa moja au mbili baadaye utamsikia uani anakimbiza tairi. Shikeni alama hiyo, tutaihitaji huko mbele.

Akifika tu, nianze na nini?

Maji kabla ya maneno. Watoto wengi hawajanywa maji tangu asubuhi, na joto la hapa kwetu mwezi wa tisa na wa kumi mnalijua. Kichwa kinachouma jioni huenda ni kiu. Mvue viatu na sare, mwogeshe, au basi umnawishe uso, mikono na miguu.

Kisha chakula cha maana: matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga, uji uliotiwa karanga, kiporo cha ugali na maharage kilichopashwa moto vizuri, embe msimu ukifika. Soda na biskuti si chakula. Chai ya rangi pamoja na mlo nayo iacheni, inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye chakula, na watoto wetu wengi damu yao tayari ni ndogo.

Baada ya hapo mwacheni. Usimpokee mlangoni na "umepata ngapi?" Kaa naye karibu ukichambua mboga, ataongea mwenyewe akipenda. Mpe udongo, mpira wa makaratasi, kivuli cha mwembe na wenzake wawili. Mtoto mdogo anapumzika kwa kucheza.

Na tuisheni ya jioni?

Kwa mtoto wa awali au darasa la kwanza, hapana. Najua wako walimu hawatapenda nikisema hivi. Kazi ya nyumbani aifanye akishapumzika, dakika 15 au 20, ukiwa pembeni yake.

Katuni za kwenye simu si zinamtuliza?

Zinamnyamazisha tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, lilishauri mtoto wa miaka 3 na 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku. Mkubwa wake kidogo naye mwekeeni mpaka, na simu izimwe saa nzima kabla ya kulala.

Alale saa ngapi?

Tupige hesabu. Mtoto wa miaka sita anahitaji usingizi wa saa 9 mpaka 12. Akiamshwa saa 11 alfajiri kuwahi basi la shule, na usiku alilala saa 4 baada ya tamthilia kuisha, amepata saa 7. Kwa wiki nzima! Huyo lazima asinzie darasani. Saa 2 usiku awe kitandani.

Na nasema kitandani, ndani ya chandarua. Mtoto aliyechoka husinzia sebuleni au barazani tangu saa 1, akaachwa hapo mpaka wakubwa waende kulala. Saa tatu nzima mbu wanamla, halafu saa 4 anabebwa kuingizwa kwenye chandarua. Kimesaidia nini? Akisinzia tu, mbebe wakati huohuo.

Wangu akirudi analala moja kwa moja mpaka asubuhi, hata kula hataki. Nimwache, si amechoka?

Usimwache. Hili ndilo jambo lenyewe.

Msimu wa mvua uliopita, bibi mmoja alimleta mjukuu wake amembeba mgongoni kwa khanga. Mtoto bado ana soksi za shule, moja imeshuka kisiginoni. Nikamuuliza, "Shikamoo bibi, ameanza lini kulegea hivi?" Akanijibu kwa upole, "Tangu juzi, mwanangu. Ni uchovu wa shule, ila leo nimeona hashiki kikombe." Nikakishika kiganja cha mtoto: cheupe kama karatasi. Tumbo linachoma, vidole vya miguu vya baridi. Tulipompima, kipimo kilitoa mistari miwili. Ilikuwa malaria, nayo ilikwisha kumla damu. Tulimchoma sindano ya kwanza ya malaria kali, tukamkimbiza hospitali ya rufaa akaongezwe damu. Alipona. Lakini siku tatu nyumba nzima ilimtazama ikisema "amechoka".

Katika utafiti wa kitaifa wa 2022, mkoa wetu ndio ulioongoza nchini kwa malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano: takriban 23 katika kila 100, wakati wastani wa taifa ulikuwa 8. Mkubwa wao wa darasa la kwanza anaishi nyumba hiyohiyo na mbu walewale. Kwa hiyo hapa Tabora, mtoto aliyelegea ni wa kupimwa kwanza. Usiseme "amechoka" mpaka umemgusa, umemwamsha, umempa maji na ukaona ameyanywa. Pumziko na chakula visipomrudisha mchezoni, huo si uchovu. Mlete siku hiyohiyo.

Nilimpa panadol, homa ikashuka. Si amepona?

Hajapona. Panadol inashusha joto, haiui vimelea vya malaria. Homa inashuka jioni, mnalala mkiwa na amani, na usiku huo vimelea vinaendelea kuongezeka. Malaria inaweza kumfikisha mtoto pabaya ndani ya siku moja au mbili tangu homa ianze. Panadol mpe, sikatai, kwa kipimo cha uzito wake. Kisha mlete apimwe.

Na vile vidonge viwili vya dawa mseto ya malaria alivyobakiza kaka yake, mvitupe. Kwanza kaka yake alipaswa kuvimaliza: dozi ni siku tatu kamili, hata kama siku ya pili anacheza.

Dawa ya maji ya mafua, kijiko kimoja tu, ili apate usingizi?

Hapana. Hata nusu kijiko, hapana. Wazazi, hili naliona mno na linaniumiza. Dawa inayosinzisha haimpumzishi mtoto aliyetoka shule, inamlewesha. Ikizidi inaweza kumletea degedege au kumfanya ashindwe kupumua vizuri. Na akiwa anaumwa, inatufichia dalili tunayoitafuta, maana kila mtu atasema analala kwa sababu ya dawa. Wala msiende kuinunua dukani kwa kueleza tu kwamba mtoto hatulii.

Dalili gani zisisubiri hata kuche?

Haamki vizuri ukimwita, au anaweweseka. Ameshindwa kunywa. Anatapika kila kitu. Anapumua kwa shida. Viganja na ndani ya kope ni vyeupe. Mkojo mweusi kama kokakola. Degedege.

Kwa degedege mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe chochote, na usimpitishe kwa mganga wa kienyeji kwanza. Kila nusu saa anayokaa huko tunaililia sisi baadaye.

Kipimo kikisema hana malaria?

Basi tunatafuta kingine: damu kupungua, minyoo, maambukizi ya kifua au mkojo. Ukirudi naye nyumbani na kesho bado amelegea, mrudishe. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka mtu, rudi vilevile.

Usiku wa manane nije, au nisubiri asubuhi?

Njoo. Kama kituo cha karibu kinafunga usiku, nenda hospitali, na namba ya bodaboda unayemwamini iwe kwenye simu yako kuanzia leo. Mbebe na chupa au pakiti ya dawa yoyote uliyompa, ukumbuke na saa uliyompa. Hatutakugombeza kwa ulichompa. Tunataka kujua tu, tuanze kazi.